Nilichojifunza nilipopewa watu tisa kwenye kongamano la vijana

Nilikuwa na miaka 24 nilipoteuliwa kuongoza msafara wa vijana 19 wa kanisa letu kwenda kwenye kongamano la siku nne. Tangazo lilisomwa Jumapili baada ya ibada, watu wakapiga makofi, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimeshajiona niko jukwaani mbele ya umati. Wiki ile nilifunga siku tatu. Nilisali sana, na sijutii hata dakika moja ya maombi yale. Ninachojutia ni kwamba katika wiki zote zile sikuwahi kukaa chini na kalamu nikaandika nani amelipa na nani bado, nani anameza dawa kila siku, nani anasafiri mara ya kwanza bila wazazi wake. Nilidhani hayo yana wenyewe, mimi nimepewa ya kiroho.

Mlezi wetu wa vijana, mama aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alinipa daftari jipya lenye jalada gumu. Akaniambia, "Mwanangu, andika humu kila jina, na mbele ya kila jina andika kinachomsumbua." Nikaandika majina yote 19 kwa mwandiko mzuri. Safu ya pili nikaiacha wazi. Daftari hilo ninalo hadi leo, na safu ile tupu ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa ajili ya kijana ambaye ameitwa kuongoza wenzake na anajiandaa kama nilivyojiandaa mimi.

Tulianza kuharibikiwa kwenye fedha. Wiki mbili kabla ya safari, vijana wawili walinivuta kando wakaniambia hawatafika kwenye ada ya kujiandikisha, kila mmoja amepata nusu tu. Ningeweza kwenda kwa mhazini jioni ileile. Ningeweza kumwambia mlezi. Badala yake niliwashika mabega nikawaambia Mungu atafanya njia, waje tu. Walifurahi, nami nikajisikia mtu wa imani. Sikumwambia yeyote.

Tulifika mchana, tumechoka, nguo zimejaa vumbi. Langoni palikuwa na meza mbili, na kila aliyetajwa jina alipewa kadi ya kuvaa shingoni na namba ya kitanda. Majina ya wale wawili hayakuwepo. Waliokuwa mezani hawakuwa wakali, walieleza tu kwamba vitanda vimegawanywa kwa idadi ya waliolipa na kwamba orodha ilifungwa siku kumi zilizopita. Mmoja wa wale vijana, aliyekuwa na miaka 19, alikaa juu ya begi lake akawa anafungua kamba za kiatu na kuzifunga tena. Misafara mingine ilikuwa ikiingia kwa nyimbo, ikimpita. Alikaa pale karibu saa mbili. Kila niliposogea kumwambia neno la kumtia moyo, alijibu "sawa kaka" bila kuinua uso.

Mama mlezi alitoa bahasha ya akiba ya dharura akalipa tofauti. Kwa hiyo bahasha ikabaki karibu tupu, na usiku wa pili msichana wetu mmoja alipata shambulio la pumu. Tulihitaji gari la kumpeleka hospitali na fedha ya matibabu. Ilibidi nikope kwa kiongozi wa msafara wa kanisa jingine, mtu ambaye tulikuwa tumefahamiana siku moja tu. Msichana alitibiwa akarudi asubuhi, namshukuru Mungu. Lile deni nililimaliza kwa miezi mitatu kutoka mfukoni mwangu. Na nilipata pia swali la mama yake, aliyeniuliza kwenye simu kama nilijua mwanawe ana pumu. Sikujua. Ilikuwa safu ya pili.

Katika Luka 14:28 Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyekaa kwanza akahesabu gharama. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi, siku zote nikiuchukua kama habari ya gharama ya kumfuata Kristo, na ndivyo ulivyo. Lakini Yesu alichukua mfano wa mtu aliyekaa na kupiga hesabu kwa sababu wasikilizaji wake walijua kwamba mtu mwenye akili hufanya hivyo. Mimi nilimwahidi mwenzangu kitu ambacho gharama yake angeilipa yeye, kwa aibu, mbele ya watu.

Kwa hiyo, kwa atakayeongoza msafara: taja gharama nzima mapema, nauli ya kwenda na kurudi, ada, na kiasi cha dharura, na ukitaje kwa wote siku moja. Kisha mwambie kila mtu kwamba asiyeweza aje kwako au kwa mlezi faraghani, na uwe umeshazungumza na wazee kuhusu mfuko wa kuwasaidia kabla hujalisema hilo. Chukua ruhusa ya maandishi ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Andika mzio, dawa, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na karatasi hiyo wawe nayo watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume, si wewe peke yako. Akiba ya dharura isiguswe kwa jambo lililojulikana kabla ya safari. Mambo haya ni sehemu ya kuwachunga watu. Nilichelewa kuyaona hivyo.

Sasa nifike kwa watu tisa.

Mchana wa siku ya kwanza washiriki wote waligawanywa katika vikundi vya majadiliano, vikichanganya watu wa makanisa mbalimbali, na kila kiongozi wa msafara akapewa kimoja. Nilikuwa nimeiomba kamati nipewe kipindi cha maombi ukumbini, penye mamia ya watu. Walinijibu nafasi zimejaa. Nikapewa watu tisa, viti kumi vya plastiki vilivyopangwa duara nyuma ya ukumbi. Nakiri kwamba niliona nimedharauliwa. Siku mbili baadaye mhubiri mmoja alifundisha kutoka Kutoka 18, jinsi Yethro alivyomshauri mkwewe Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na moyo ukanishtuka. Cheo cha chini kabisa katika mpango ule kilikuwa watu kumi. Musa alikuwa akichakaa kwa kuwasikiliza wote peke yake tangu asubuhi hadi jioni, na dawa aliyopewa ilikuwa watu wa kukaa na kumi kumi. Mimi nilipewa tisa nikanung'unika.

Somo la siku ile lilikuwa 1 Timotheo 4:12, mstari unaopendwa kwenye kila mkutano wa vijana. Nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na moja. Tulikuwa na saa moja, na katika hiyo nadhani nilizungumza dakika arobaini. Nilieleza kwa nini watu wazima wasiudharau ujana wetu. Nililieleza hilo kwa bidii kubwa, kana kwamba Paulo aliwaandikia watu wazima. Barua ilikwenda kwa Timotheo mwenyewe, na anachoambiwa ni kuwa kielelezo katika mambo matano: usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. La kwanza ni usemi. Niliyasoma yote matano kwa haraka ili nirudi kwenye hoja yangu.

Msichana mmoja mwenye sweta ya kijani alinyoosha mkono. Akaanza, "Tangu baba afariki, mimi nikitaka kusali..."

Nikamkatiza. Sikumkatiza kwa dharau, nilikuwa na haraka ya mtu anayeliona jibu liko karibu. Nikamsomea Warumi 8:28, nikamweleza kwamba mambo yote Mungu huyafanyia kazi kwa wema, kisha nikawaomba wenzake wanyooshe mikono tumwombee. Aliinamisha kichwa. Kulikuwa na uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta yake, naye akawa anauzungusha kidoleni, raundi baada ya raundi, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Niliiona ncha ile ya kidole. Niliiona, nikaendelea kuomba kwa sauti.

Kesho yake kiti kimoja kilikuwa wazi. Niliendelea na somo. Mchana nilipomwambia mama mlezi kwamba mtu mmoja wa kikundi changu hajaja, aliuliza swali moja tu: "Anaitwa nani?" Nilijua rangi ya sweta yake. Nilijua baba yake amekufa. Jina sikulijua, kwa sababu siku ya kwanza niliona kujitambulisha kutakula muda wa mafundisho.

Mama mlezi hakunikemea. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi kamtafute. Na ukimpata usianze wewe kusema." Aliongeza kwamba nikae naye mahali penye watu wanaopita, si pembeni gizani, na yeye mwenyewe atakuwa anapita pale. Hilo nalo nililishika, na namshauri kila kiongozi kijana alishike: mazungumzo mazito yafanyike mahali panapoonekana.

Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma za ukumbi. Nikaomba nikae, akakubali, nikakaa ngazi moja chini yake. Ndani kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, ikirudia mstari uleule kwa sababu sauti ya tatu ilikuwa haijakaa sawa. Nilimwomba msamaha kwa kutomuuliza jina. Akaniambia jina lake. Kisha tukakaa. Sikuwahi kukaa kimya na mtu kwa muda kama ule, na kila baada ya muda mfupi nilihisi aya imenijia mdomoni, nikairudisha.

Hatimaye akasema, "Kaka, mimi sikuwa nauliza kwa nini baba alikufa. Nilitaka kusema kwamba nikifumba macho kusali nasikia ile mashine ya hospitali. Nilitaka kuuliza kama naweza kusali macho wazi."

Ndilo lilikuwa swali lake. Jibu lake lingechukua nusu dakika, na mimi nilikuwa nimempa mahubiri ya dakika saba juu ya jambo asilouliza. Nilimwambia anaweza. Nilimwambia kwamba katika Yohana 17:1 Yesu aliinua macho yake kuelekea mbinguni alipokuwa akisali. Aliuliza, "Kweli imeandikwa hivyo?" Tukafungua Biblia yake, akausoma mwenyewe, akauwekea alama kwa penseli. Hakurudi kikundini siku hiyo. Alirudi siku iliyofuata, akakaa karibu na njia ya kutokea, nasi tukaliacha hivyo.

Nimeufikiria sana ule mchana. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika na kuona mateso yake, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Ni katika Ayubu 2:13. Wiki ile walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua midomo ndipo walipoanza kumwumiza, na walisema mengi yenye sura ya kweli kabisa, mpaka Mungu mwenyewe akawakemea mwishoni mwa kitabu. Sisi tuliolelewa kanisani tunazijua aya nyingi, na tunadhani kuijua aya kunatupa haki ya kuisema papo hapo.

Kwa siku mbili zilizobaki nilibadilisha namna ya kuendesha kikundi, na tangu hapo nimeendesha vikundi vingi hivyohivyo. Kila mtu anataja jina na jambo moja dogo, hata kama tumekutana jana, na mimi naliandika. Naandaa maswali matatu tu. Nikiuliza, nahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Mara ya kwanza kumi hiyo ni ndefu kama usiku, lakini karibu kila mara mtu huanza kusema nikifika saba au nane, na mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kusema. Simlazimishi mtu kuomba kwa sauti. Simwekei mtu mkono kabla ya kumwuliza kama anapenda. Na mtu akianza kulia, simkimbilii na maneno.

Kuna jambo jingine zito hapa ambalo siwezi kulipita haraka. Katika kikundi kile kijana mmoja aliniomba nimwahidi kwamba nitakachosikia sitamwambia mtu. Nikaahidi. Aliyoniambia yalihusu mtu aliyekuwa akimdhuru nyumbani. Nilibeba ahadi ile usiku mzima, sikulala, nikijua kwamba nikinyamaza atarudi kulekule alikotoka. Asubuhi nilimrudia, nikamwambia nimekosea kuahidi kile, nikamwomba twende pamoja kwa mama mlezi. Alikasirika sana. Mwisho alikuja, na walio na mamlaka walilichukua jambo lake inavyotakiwa. Lakini hasira yake ilikuwa ya haki: nilimpa neno nikalirudisha. Siku hizi nasema mwanzoni kabisa, kabla mtu hajafungua mdomo: ya humu yanabaki humu, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtu akidhuriwa, hapo tutamtafuta mtu mzima wa kutusaidia, na tutakwambia kabla. Sema hivyo kila mara, hata kama kikundi kinaonekana cha furaha.

Siku ya tatu orodha ya kazi ilibandikwa ukutani, na jina langu lilikuwa kwenye kupanga viti, saa 11 alfajiri. Jina la kijana mwingine wa msafara wetu, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, lilikuwa kwenye ushuhuda wa ibada kuu. Wivu ulinishika vibaya. Niliuita majina mengine, nilijiambia nina wasiwasi kama yuko tayari, kama ana kina cha kutosha. Ulikuwa wivu, na nilipomwomba Mungu msamaha nilimtajia kwa jina lake.

Nilienda kupanga viti nikiwa nimenuna. Tulikuwa sita, ukumbi una baridi, mwangwi wa kila mguu wa kiti ukigonga sakafu. Nilichokigundua ni kwamba anayepanga viti anawajua watu kabla ya yeyote. Saa 11 na nusu kulikuwa na mvulana aliyeingia kila siku kwa sababu hapati usingizi. Kulikuwa na binti aliyesogeza kiti chake nyuma kabisa ya nguzo. Kulikuwa na wawili waliokuwa wakigombana na kuketi mbalimbali ingawa walitoka kanisa moja. Kutoka jukwaani hayo yote yasingeonekana. Nilianza kutoka na daftari. Safu ya pili ikaanza kupata maneno.

Kwenye warsha ya mchana tulisoma Matendo 6, mahali Wayahudi wa Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Sifa za watu saba waliochaguliwa kwa kazi ile zilinigusa: wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wamejaa Roho na hekima. Kwa kazi ya kuhudumu mezani. Stefano na Filipo walitoka katika orodha hiyo. Mwezeshaji alitukumbusha pia habari za George Williams, ambaye mwaka 1844, akiwa na miaka 22 na akifanya kazi katika duka la vitambaa jijini London, alianza kukutana na vijana wenzake wa dukani kwa sala na kusoma Biblia. Chama walichoanzisha ni YMCA, ambacho leo kiko duniani kote. Wale walikuwa vijana waliochoka na kazi za siku nzima, wakakubaliana kusali pamoja. Nilipoangalia viti vyangu kumi nilivipenda.

Usiku wa mwisho ulikuwa mkesha. Sitaki kuuelezea kwa ubaridi, maana Mungu alikutana na watu pale, mimi nikiwa mmoja wao. Kulikuwa na toba ya kweli, watu walipatana, na mimi nililia kwa ajili ya mambo niliyokuwa nimeyaficha kwa miaka. Saa 8 za usiku mhubiri aliwaita wanaotaka kujitoa kwa Bwana waje mbele, na vijana wangu wawili walikwenda. Walirudi wakitetemeka, wakaniambia wameamua kuacha masomo wakaanze huduma mara tu tukirudi. Mmoja alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Mimi, kwa moto niliokuwa nao, niliwaambia wasigeuke nyuma.

Mama mlezi alinisikia. Akanivuta pembeni: "Usimwahidi mtu kitu saa 8 za usiku. Waambie Mungu aliyewaita leo atakuwepo na kesho. Wakalale." Nilidhani anazima Roho. Baadaye alinifungulia 1 Wafalme 19. Eliya anatoka kwenye moto wa Karmeli, siku kubwa kuliko zote za huduma yake, na muda si mrefu anaomba afe. Malaika hakumpa maono. Alimpa chakula, Eliya akala akalala tena, malaika akamwamsha mara ya pili ale. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini. Mama alisema watu wa Mungu wana miili, na usingizi ni sehemu ya kusikia.

Niliwaendea wale wawili asubuhi nikawarekebishia maneno yangu. Tulikubaliana waandike walichosikia, wakae nacho miezi mitatu, wazungumze na wazazi na mchungaji. Yule wa uuguzi alimaliza masomo na anasema wodini ndiko alikoitiwa. Mwenzake, baada ya mwaka mmoja, alikwenda chuo cha Biblia, akisindikizwa na kanisa zima.

Ushauri ule niliwapa wao, mimi mwenyewe sikuufuata. Kwenye basi la kurudi niliandika maazimio saba. Jumapili nilipopewa dakika kumi za kutoa taarifa nilitumia nusu saa. Nikasema kule tumeona ibada iliyo hai. Nikasema kanisa letu limelala. Wazee waliokuwa wamekaa mstari wa mbele ndio waliochangia nauli yetu. Mmoja wao alikuwa ameuza kitu chake cha thamani ili vijana waende, jambo nililolijua baadaye sana. Walisikiliza hadi mwisho, hakuna aliyeniingilia.

Nikaanzisha maombi ya alfajiri kila siku, mfungo kila wiki, na mkutano wa vijana mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza walikuja 19. Wiki ya sita tulikuwa wanne. Nilianza kuwaita waliobaki nyumbani vuguvugu, na mmoja wao aliacha kabisa kuja kanisani kwa sababu ya maneno yangu. Alikuwa akifanya kazi ya zamu za usiku, hakuweza kuamka. Hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Mchungaji aliniita. Alinisomea habari za Yohana Marko: aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani katika Matendo 13, Paulo akakataa kwenda naye tena mpaka wakatengana na Barnaba juu yake. Barnaba alimchukua akaenda naye Kipro. Na katika 2 Timotheo 4:11 Paulo mwenyewe, karibu na mwisho wake, anaagiza aletwe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Mchungaji akauliza, "Hao kumi na watano, nani anawachukua?" Nilitoka pale nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilianza na wale wazee. Kuomba radhi kwa mtu mzima aliyekunyamazia ni kazi ngumu, usiende na maelezo, nenda na maneno machache. Kwa yule wa zamu za usiku nilikwenda mara nne kabla hajanifungulia mlango.

Yale maazimio saba tuliyapunguza yakabaki moja: Jumatano jioni, saa moja, tunasoma sura moja na kuombeana, na kila wiki anaongoza mtu tofauti. Wiki za mwanzo nilikuwa nikijizuia kwa nguvu kumsahihisha anayeongoza. Kijana aliyekaa juu ya begi langoni ndiye anayeshika sasa daftari la fedha za vijana. Mwaka uliofuata, miezi minne kabla ya kongamano, alizunguka kimyakimya kwa kila mmoja na kuuliza umefikia wapi, na hakuna aliyeachwa langoni.

Wale tisa wa kikundi changu walirudi makwao. Niliomba ruhusa yao na ya viongozi wao, nikawa nampigia kila mmoja mara moja kwa mwezi. Wawili waliacha kupokea, nikaacha kupiga. Yule wa sweta ya kijani hupokea, na mara nyingi tunazungumza mambo ya kawaida, mitihani yake, mdogo wake anavyokua. Sijawahi kumwuliza habari za sala. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunaagana, akasema, "Kaka, jana usiku nilisali. Nilijaribu kufumba macho."

Nikanyamaza, nikaanza kuhesabu. Nilipofika sita akaendelea.